Mpini wa Jembe la Sikudhani

Nyamazeni, ngano imepiga hodi. Walikuwapo watu waliojitolea kulinda msitu wa kijiji, na mkali wao alikuwa Sikudhani. Masika alipanda miche, kiangazi alifyeka njia ya kuzuia moto, na kila aliposikia shoka alipuliza baragumu. Hapo zimwi la msitu lilitoka likamgeuza mkataji kuwa mti.

Alipuliza, mchoma mkaa akageuzwa mti. Alipuliza, jirani akageuzwa mti. Akapuliza tena, akasikia sauti ya mumewe.

“Mke wangu, jembe lako la kupandia miche limevunjika mpini. Nilikuja kukuchongea mwingine.”

Gome likamziba kinywa.

Sikudhani alilia siku saba. Mvua ziliponyesha akauokota ule mpini aliouchonga mumewe, akautia jembeni, akaenda kupanda. Mwenye machozi na alie, mimi nimemaliza.