Watatu wa Katikati na Kisima Kimoja

Hapo zamani, katika nchi ya Ngelema, rais hakuchaguliwa kwa karatasi. Watu walijipanga nyuma ya mgombea wao, mistari ikahesabiwa, ngoma ikalia, basi. Na aliyeleta ushindi ndiye aliyechagua kijiji cha kuchimbiwa kisima. Kisima kimoja tu, kwa miaka mitano.

Mwaka huo walishindana Bwana Sekiondo na Bi Tunu. Kuhesabu: mia nne huku, mia nne kule. Katikati walibaki watatu ambao hawajaamua: Mbaruku mfuga nyuki, Namsifu msuka mikeka, na Kalunde mkunga. Kila mmoja na kijiji chake, na vijiji vyote vitatu vina kiu.

Wakazomewa. Wakavutwa mikono. Hawakubanduka, na mimi nawasifu kwa hilo.

Kalunde akauliza, "Waheshimiwa, kisima kikikauka, mtafanya nini?"

Sekiondo akacheka. "Mama, kwangu mimi hakikauki."

Bi Tunu akasema, "Nitateka maji mtoni pamoja nanyi, na tutachimba tena."

Mbaruku akasema, "Mimi nimesikia." Akaenda kwa Bi Tunu. Mia nne na moja.

Papo hapo mwanamke mmoja kwenye mstari wa Bi Tunu akashikwa na uchungu. Kalunde hakusita, akamtoa, akaenda kumzalisha. Mistari ikalingana tena.

Akabaki Namsifu. Mumewe, aliyekuwa kwa Sekiondo, akamwambia, "Mama Neema, ukienda kule, kwangu usirudi."

"Nimekusikia, Baba Neema." Akaenda kwa Bi Tunu. Ngoma ikalia.

Kesho yake wachimbaji wakaja na majembe. Watatu wakasimama mbele ya rais mpya.

"Mimi nilitangulia," akasema Mbaruku. "Bila mimi, Namsifu angesawazisha tu."

"Mimi ndiye niliyemaliza," akasema Namsifu. "Na jana nimelala kwa dada yangu, mimi na mwanangu."

Kalunde akasema, "Sikupanga mstari, nakubali. Lakini bila swali langu mngemjuaje Bi Tunu? Na mtoto yule kazaliwa salama. Mlitaka nimwache mama yake afe ili hesabu itimie?"

Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Bi Tunu akatazama chini, majembe yakangoja.

Haya, msinitazame mimi. Leo hakuna kukaa katikati, na vijiji viwili vitaendelea kuteka matope. Je, nani alistahili kisima?