Namba Nyuma ya Reli

"Mtoe. Hatuwezi kwenda kwenye mashindano na mtu anayetazama dari."

"Ukimtoa tunabaki wawili."

"Bora wawili wanaojibu."

Anayetoa watu ni binti yangu Wende, nahodha wa timu ya chemsha bongo ya shule yao. Anayembishia ni mdogo wake, Luhwano. Anayetolewa, binamu yao Tulizo, alikuwa amekaa palepale jikoni. Wende alishika kijiko na sahani ya bati. Anauliza swali, anahesabu hadi tano, anagonga. Kila ikifika zamu ya Tulizo, sahani ililia kabla hajafungua mdomo.

Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikawaambia, "Panua safu kabla ya kufuta namba."

"Hiyo nayo ni methali, mama?" Wende akauliza. "Imetoka wapi?"

"Kazini kwangu. Chukueni visu mnisaidie, niwaambie ilivyoanza."

Panua safu kabla ya kufuta namba. Chanzo chake ni hiki, na nilikuwapo.

Kabla hamjazaliwa niliajiriwa kwenye kituo kimoja cha mbegu hapa Njombe. Mwaka ule kituo kilijaribu aina kadhaa za viazi kwenye mashamba ya wakulima. Aina itakayozaa kuliko zote ingeendelezwa kuwa mbegu. Nyingine zote zingekwenda kupikwa kwenye shule ya bweni. Bi Twilumba alileta mbegu aliyorithi kwa mama yake. Aliileta yote, hakubakiza hata debe. Ikipikwa, mbegu ile imekwisha.

Mavuno yakapimwa, yakaingizwa kwenye kanzidata, yaani ghala la takwimu ndani ya kompyuta. Kijana wetu Mlelwa akayatoa humo na kuyaweka kwenye jedwali ili yachapwe. Namba zilitoka na mikia mirefu ya desimali. Mlelwa akaificha mikia, akaweka mkato kwenye maelfu, akazisimamisha zote upande wa kulia zikapendeza. Lakini mkuu wetu, Bwana Mgaya, alikuwa na sharti lake: taarifa yote ikae kwenye karatasi moja. Kwa hiyo safu zikabanwa, zikabanwa tena, mpaka karatasi ikatosha.

Kwenye mstari wa Bi Twilumba, mahali pa mavuno, hapakuwa na namba. Palijaa alama za reli, zilezile mnazobonyeza mkiangalia salio la simu, zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku ya kutoa taarifa Bi Twilumba alikuja mwenyewe. Gari la shule lilikuwa uani linapakia magunia.

"Kamweneni," akasalimu. "Kiazi changu kimepata ngapi?"

"Kamwene, mama. Chako hakikusoma," akasema Bwana Mgaya. "Kimetoa reli tupu. Takwimu zake zimeharibika."

"Hizo reli zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, mama. Ndiyo maana mstari unafutwa."

"Nilichimba kwa mikono hii, na mgongo haujanyooka mpaka leo. Kama hakikuzaa, mgongo umeumizwa na nini?"

Bwana Mgaya akamgeukia Mlelwa. "Futa, tuchape. Gari linasubiri."

Mlelwa akabofya kile kisanduku chenye reli, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Hakukibonyeza. Pale juu ya jedwali kuna nafasi ndefu inayoonyesha kilichomo ndani ya kisanduku ulichogusa, na ndani yake palikuwa na namba.

"Mzee, njoo uone. Ipo."

"Ipo wapi? Mimi naona reli."

"Ipo nyuma yake. Safu ndiyo nyembamba."

Akashika ukingo wa safu kwa kipanya, akauvuta. Reli zikatoweka, pakakaa 14,260. Kilo hizo, kwa hekta moja. Viazi vingine vyote vilikuwa na tarakimu nne, ndiyo maana vilienea. Cha Bi Twilumba kilikuwa na tano. Kilichokosa nafasi ndicho kilichozaa kuliko vyote.

Bwana Mgaya akavua miwani. "Sasa karatasi moja haitatosha."

"Karatasi ya pili nitawanunulia mimi," akasema Bi Twilumba, naye ameshafika mlangoni anamwita dereva ashushe magunia yake. Kisha akageuka. "Siku nyingine, wanangu, panueni safu kabla ya kufuta namba."

Tulianza kuisema ofisini kwa utani. Leo wanaisema kwenye vikao vya ukoo watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta.

"Na viazi hivi?" Luhwano akauliza, akikigeuza alichokuwa anamenya.

"Ndivyo hivyo vyake. Usikate ganda nene."

Wende alikitazama kijiko, kisha akakitumbukiza kwenye karai la vyombo, na sahani juu yake.

"Tulizo, swali lilelile. Kwa nini barafu huelea? Sihesabu."

Tulizo akatazama dari. Luhwano akamaliza kiazi kimoja, akaanza cha pili.

"Maji yakiganda yanapanuka," Tulizo akasema taratibu. "Uzito unabaki uleule, ila yanachukua nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo barafu inakuwa nyepesi kuliko maji yanayoizunguka. Ingezama, maziwa ya nchi za baridi yangeganda kuanzia chini, na samaki wasingekuwa na pa kuishi."

"Kwenye mashindano watagonga kengele," Wende akasema. Akafikiri. "Lakini raundi ya maelezo ina dakika mbili. Hiyo ni yako."

Akachukua kalamu, akaandika jina la Tulizo kwenye karatasi ya timu, penye raundi ya maelezo, palepale, mikono ikiwa bado na maji ya viazi.

"Panua safu," Luhwano akasema.

"Kabla ya kufuta namba," Wende akamalizia, akamwuliza Tulizo swali linalofuata.