Mtama Uliomwagiwa Kuku

Kidonda huuguzwa na ndugu. Kovu huuguzwa na kovu. Leo mmeisikia methali hii kwenye arobaini ya bibi yenu Navoneiwa, mkaniuliza imetoka wapi, kwa kuwa vitabuni mwenu haimo. Imetoka katika nyumba hii. Ilianza Alhamisi moja, miaka ishirini na mmoja iliyopita, niliporudi kutoka bombani nikakuta kitanda cha huyo dada yangu kimetandikwa na mwenyewe hayupo.

Mwaka mzima kabla ya hapo hakuwa amekwenda popote bila mimi. Alikuwa na saratani ya titi. Walimkata la kushoto katika hospitali ya mbali, zikafuata dawa za mishipani, kisha mionzi. Mimi ndiye niliyelala sakafuni pembeni ya kitanda chake, nikamshikia beseni alipotapika, nikamnyoa nywele zilizobaki. Daktari aliposema matibabu yamekwisha, tulichinja mbuzi, mchungaji akaomba, na mjomba akatangaza kwamba ugonjwa ulioondoka hautajwi tena, usije ukasikia jina lake ukarudi. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Wote tukafunga midomo.

Lakini Navoneiwa hakutoka nje. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na nafasi yake ilikuwa imeshikiliwa mpaka shule zifunguliwe Julai. Asiporudi, angepewa mwingine. Kila asubuhi alivaa, akajitazama kwenye kioo, akavua. Nikamshonea titi la kitambaa, nikalijaza sufi, maana niliona mahali palipoumia panataka kitu laini. Alinishukuru sana. Hakutoka.

Alhamisi ile alirudi jioni, anacheka peke yake.

“Ulikuwa wapi?”

“Zahanati ya mjini. Nesi wa kliniki alinielekeza. Kuna wanawake waliomaliza matibabu kama mimi, wanakutana chumba cha nyuma. Mmoja anaitwa Tatu, muuza vitumbua. Nambike, yule mama ana maneno!”

Tangu hapo ikawa ni Tatu, Tatu. Tatu kamfundisha kupandisha mkono ukutani ili usivimbe. Tatu naye kichwa kikimuuma kidogo huona ugonjwa umerudi. Tatu kavua blauzi, wakalinganisha makovu, wakacheka mpaka machozi. Kovu lile nililiosha mimi tangu likiwa bichi, na hakuwahi kulichekea mbele yangu. Nilimchukia mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Hata nikiona vitumbua njiani nilitazama pembeni.

Siku moja alirudi na titi jipya, kazi ya Tatu. La kwangu nikalikuta nyuma ya sanduku. Alipokwenda kuoga nikalichukua lile jipya. Lilikuwa zito. Nikafumua mshono kwa wembe. Ndani mlikuwa na mtama mtupu. Nikawamwagia kuku.

Alitoka bafuni akawakuta wanadonoa, na kitambaa kiko mkononi mwangu.

“Nambike, umefanya nini?”

“La kwangu lina kasoro gani?”

“La kwako ni zuri, mdogo wangu, ila ni jepesi. Nikiinama linapanda mpaka shingoni. Nikasimame mbele ya watoto titi likiwa begani?”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, na mjomba alishatufunga midomo? Tena nikikuonyesha hofu yangu unalia, kisha mimi ndiye nikubembeleze wewe.”

Akaingia ndani, akafunga mlango. Alhamisi iliyofuata hakwenda. Hakwenda na ile nyingine. Sasa nilikuwa naye mchana kutwa, kama nilivyotaka, naye amegeukia ukuta. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Alhamisi ya tatu, zikiwa zimebaki siku nne shule zifunguliwe, nilifunga mtama kwenye ncha ya kanga, nikashuka mjini. Mapokezi wakaniambia, “Watu wa Alhamisi? Zunguka nyuma.” Nikabisha hodi. Walikuwa wanawake saba, na mmoja mfupi, mwenye sauti nzito, akauliza, “Karibu mama. Umemaliza mionzi lini?”

“Mimi si mgonjwa. Mimi ni mdogo wake mwalimu Navoneiwa. Lile titi mlilomshonea nimewamwagia kuku.”

Yule mfupi akanitazama toka juu mpaka chini.

“Basi hao kuku watataga maziwa,” akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nikajua huyo ndiye Tatu.

Mimi sikucheka. “Nimemuuguza mwaka mzima,” nikasema. “Wewe umempa nini ambacho mimi sikumpa?”

Tatu akaweka sindano chini. “Usinionee wivu, ndugu yangu. Bila wewe huyo mwalimu asingefika hapa. Tungemsikia kwenye matangazo ya vifo. Mimi aliniuguza mama yangu mzazi, naye pia alinishonea la sufi. Nililivaa miezi sita nikimficha kwamba linapanda. Kidonda huuguzwa na ndugu. Kovu huuguzwa na kovu. Haya, kaa hapa, pima mtama wako. Mwalimu wetu anataka kibaba kizima.”

Nilishona mpaka alasiri, Tatu akinifumulia kila nilipokosea. Jioni nilimkabidhi dada yangu titi hilo, nikamwambia maneno niliyoambiwa. Jumatatu alivaa, akajitazama kwenye kioo, akachukua chaki zake akaenda shule. Alifundisha miaka kumi na miwili zaidi, na Alhamisi hakukosa. Saratani haikurudi, ni moyo uliomchukua.

Wivu wangu haukuisha siku ile, msije mkadhani. Hata leo kaburini, wale wanawake walipolia, niliona wanamlilia mtu ambaye mimi sikumjua kikamilifu. Lakini kundi lipo bado, saa nane, mlango wa nyuma. Mtu wa hapa akimaliza matibabu huja kwangu kuuliza njia, nami humfikisha mlangoni, nikambishia hodi, nikarudi. Kidonda huuguzwa na ndugu. Kovu huuguzwa na kovu. Kesho ni Alhamisi, na nina mtu wa kumpeleka.