Nyumba Iliyokataa Kufungwa

Kisichokunjika hakisimami.

Mmeyasikia maneno hayo jana kwenye kikao cha harusi, yule mama alipokuwa akimtuliza shemeji yake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake ni nini na nani aliyetangulia kuyasema. Wengi hudhani ni methali ya mababu. Si ya mababu. Umri wake ni mdogo, na chimbuko lake ni hili.

Pale Mwanga mjini alikuwapo fundi wa kuezeka aliyeitwa Elinami Mgonja. Wakati mambo haya yanatokea, Elinami hakuwa na ngazi, kwa sababu aliiuza baada ya kuanguka. Hakuwa na nyonga ya kumpandisha hata juu ya kiti. Hakuwa na mke, Mungu alikwisha kumchukua. Hakuwa na miwani ya kumfaa. Aliyoivaa ilikuwa ya marehemu kaka yake, na kaka yake alikuwa na macho mengine. Tena hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapa umekosea," kwa kuwa wakubwa wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na yeye ndiye aliyebaki kichwa cha ukoo. Upungufu huu wa mwisho hakuuona kuwa ni upungufu.

Alichokuwa nacho ni binti, Nakijwa, na binti huyu ndiye aliyeilisha nyumba kwa kazi ya kadi.

Kadi zake hazikuwa zile za kununua zimekwisha kuchapwa. Alizitengeneza kwa mkono, kwa karatasi ya manila, wembe, rula na gundi. Ukiishika imefungwa, ni karatasi bapa kama kadi nyingine yoyote. Ukiifungua, kitu kinainuka katikati na kusimama: waridi, keki, ndege, hata kanisa na mnara wake. Kwa kila kadi alitengeneza pia kipochi cha karatasi chenye rangi na nakshi zilezile. Humo hutiwa ile kadi ndogo ya plastiki inayouzwa na maduka makubwa ya Moshi, ambayo mtu humzawadia mwenzake ili aende akajichagulie bidhaa mwenyewe. Kadi na kipochi vikifanana, zawadi huonekana kuwa imefikiriwa.

Elinami alianza kumsaidia kwa sababu hakuweza kukaa bure. Alikata vizuri. Mkono uliozoea kupima bati haukutetemeka mbele ya karatasi, na baada ya muda alijiona amehitimu.

Basi ikaletwa posa ya Nakijwa. Kijana aliitwa Kalebi, daktari wa mifugo kule Usangi mlimani, na ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima yao. Washenga wawili, wazee, waliteremka kwa basi kuleta barua. Walifika wamechelewa, wakaiweka barua mezani, wakasema maneno machache, na kabla chai haijachemka wakasimama wakaaga. Elinami hakuwazuia. Walipokwisha kutoka alisema, "Wameniletea posa kama mtu anayeleta bili ya maji." Akaichomeka barua nyuma ya redio, akaapa kwamba hataijibu mpaka wazee wale warudi, wakae, wanywe chai na kuomba radhi.

Sasa, kwa desturi ya watu wale, posa isiyojibiwa mpaka mwezi uandame imekataliwa. Hakuna ugomvi, kijana huenda kuposa kwingine. Nakijwa alilijua hilo, na mwezi ulikuwa unakwisha. Lakini binti hamkumbushi baba yake posa yake mwenyewe. Kila asubuhi alipofuta vumbi aliinua redio, akafuta chini yake, akairudisha barua palepale ilipokuwa. Elinami alimwona, akajifanya anatafuta miwani.

Katika siku hizo alikuja Mama Mlay, Mchaga mwenye duka la daftari na kalamu karibu na stendi, ambaye ndiye aliyeziuza kadi za Nakijwa. Mpwa wake alikuwa anaolewa Arusha. Yeye na dada zake walikuwa wamemnunulia kadi ya zawadi ya duka la vifaa vya ujenzi, maana maharusi walikuwa na kiwanja lakini hawakuwa na hata tofali. Kwa hiyo alitaka kadi kubwa, ndani yake iinuke nyumba, na kipochi chake kiwe na nyumba ndogo kama hiyo.

"Nyumba niachie mimi," alisema Elinami. "Nimeezeka nusu ya mji huu."

"Ndiyo maana mvua ikinyesha tunahama vitanda," alijibu Mama Mlay, akaenda zake. Mjue kwamba Mpare, kama Elinami, na Mchaga ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Atakusema mbele ya uso wako, na huruhusiwi kukasirika.

Elinami alikata kuta nne, akakata paa. Nakijwa, aliyekuwa akitengeneza kipochi upande wa pili wa meza, alimwambia kwa upole, "Baba, pembe tusizikaze kwa gundi. Tuziachie zikunjike. Na kuta za ubavuni nazo zipigwe mkunjo katikati, hivi." Alichukua kalamu iliyokwisha wino, akaiburuta kandokando ya rula ili karatasi ipate njia ya kujikunja.

"Nyumba yenye bawaba kwenye pembe ni banda la kuku," alisema Elinami.

"Lakini ikifungwa, Baba?"

"Kwanza isimame. Kuifunga ni kazi ya mwenye kadi."

Basi akakaza pembe zote kwa gundi, mara mbili. Ndani ya paa akatia kenchi, zile pembetatu za kubeba paa, kwa njiti za kuchokolea meno, na juu ya kenchi akapitisha papi za kulalia bati, kama alivyofanya maisha yake yote juu ya nyumba za watu. Ilipokauka aliipuliza kwa nguvu. Haikutikisika. Akaiwekea kiberiti juu ya paa, ikakibeba. Majirani waliitwa kuiona, nao wakaisifu, maana ilikuwa nzuri kweli, yenye madirisha na kibaraza. Nakijwa aliitazama, akamtazama baba yake alivyokuwa amekaa wima kitini, akarudi kwenye kipochi chake.

Mama Mlay akaja kuichukua, na bahasha kubwa mkononi.

"Mtani," alisema, "leo umenifunga mdomo. Hii ni nyumba."

"Mimi sijengi vibanda."

"Naona. Sasa inafungwaje?"

"Kama kadi yoyote."

Mama Mlay akaikunja. Kadi ikaenda kidogo, ikakataa. Akaikandamiza. Ikakataa tena.

"Polepole, mama," alisema Elinami.

"Polepole mpaka lini? Basi la Arusha haliningoji mimi." Akaweka kiganja juu, akaegemea. Njiti zikalia, ukuta wa mbele ukapasuka, na kenchi moja ikatoboa jalada ikatokea nje pale palipoandikwa jina la bibi harusi.

Wote watatu wakainamia meza wakiitazama.

"Umeivunja," alisema Elinami.

"Nimeivunja, au ilikuja imevunjika ikingoja mtu wa kuifunga? Ulitaka niibebe wazi mikononi mpaka Arusha, kama sinia ya pilau?"

"Ilisimama. Watu wote wameiona imesimama."

"Ilisimama hapa mezani kwako. Anayeolewa yuko hapa?" Akamgeukia Nakijwa. "Mwanangu, hebu kile chako."

Nakijwa akampa kipochi. Kilikuwa bapa, chembamba. Mama Mlay akakifungua, nyumba ndogo ikainuka. Akakifunga, ikalala. Akakifungua na kukifunga tena, kisha akakiweka mbele ya Elinami. Elinami akavua miwani, akakisogeza karibu na macho. Aliona kuta za ubavuni zinavyoingia ndani kidogo kidogo kama mtu anayevuta tumbo. Aliona pembe hazina gundi hata tone. Akabonyeza paa kwa kidole; likalala, akaliachia, likarudi.

"Ni laini mno," alisema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni laini, na itafika," alisema Mama Mlay. "Kisichokunjika hakisimami, mtani. Kadi husimama kwa anayeipokea, na haimfikii mpaka ikubali kulala ndani ya bahasha."

"Umesema. Nitamtengenezea nyingine."

"Sijamaliza. Ninyi Wapare mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wewe kuku wako ni chai. Wazee wa watu hawakunywa chai, basi mtoto akae mpaka aote mvi. Mji mzima unajua kuna barua imesimama wima nyuma ya redio yako."

Nakijwa aliinuka akaenda jikoni, ingawa jikoni hapakuwa na kitu chochote motoni.

"Nanyi Wachaga," Elinami alisema, "sarafu ikianguka, hata maiti hugeuka kutazama."

"Tunageuka," alisema Mama Mlay. "Ndiyo tofauti yetu na ninyi. Nitapanda basi la kesho; asubuhi nakuja kuchukua kadi yangu." Akachukua bahasha yake akatoka.

Elinami alikaa peke yake na ile nyumba iliyobomoka. Aliweza kukasirika na mteja, lakini mtani hakasirikiwi, na neno la mtani likikosa hasira ya kulifukuza hukaa ndani. Alichomoa njiti moja moja, akazipanga mezani. Kisha akamwita binti yake.

"Nionyeshe huo mkunjo."

Wakaanza upya. Nakijwa alishika rula, Elinami akaburuta kalamu isiyo na wino. Mkunjo wa kwanza aliuchana kwa kuukandamiza mno. Wa pili ukakubali. Walifanya kazi mpaka kuta zikatimia, na walipofika kwenye paa, Elinami akauliza bila kuinua macho:

"Wale wazee wa Usangi. Siku ile ilikuwaje wakachelewa?"

"Basi lilipata pancha Kikweni, Baba. Walisaidia kulisukuma hadi kando ya barabara."

"Wazee wale?"

"Yule mrefu alikuwa na matope mpaka magotini. Alijifuta nje kwa majani kabla ya kubisha hodi."

Elinami aliyakumbuka matope. Alikuwa ameyaona, akayahesabu kuwa ni uchafu.

"Na kuondoka kwao?"

"Basi ni lilelile moja linalorudi mlimani. Lilikuwa linapiga honi stendi. Wangeachwa, wangelala barabarani."

"Mbona hukuniambia?"

Nakijwa alipaka gundi kwenye ukingo wa paa, kidogo tu, upande mmoja, kama inavyotakiwa. "Hukuniuliza, Baba," alisema.

Kadi ilipokwisha, Elinami aliifungua mwenyewe. Nyumba ikainuka. Haikuwa na nguvu ya kubeba kiberiti. Akaifunga, ikalala ndani ya mikono yake pasipo sauti, na alipoifungua tena ilisimama palepale, pembe kwa pembe. Mama Mlay aliichukua asubuhi, akaitia ndani ya bahasha pamoja na kipochi chake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. Alimpa mkono tu.

Mama Mlay alipoondoka, Elinami aliichomoa barua nyuma ya redio. Aliisoma yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya, maana siku ile, kwa hasira ya washenga, alisoma mistari miwili tu akaiacha. Ilikuwa barua ya adabu. Baba yake Kalebi aliomba binti, akaomba pia radhi mapema kwa ajili ya washenga wake, kwamba ni watu wazima na njia ni mbaya.

Elinami alitaka karatasi. Nakijwa akamletea, akatoka nje kufua, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mstari wa kwanza ulimchosha kuliko paa zima la bati. Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi ikawa hivi: "Ndugu yangu, wajumbe wako walipofika kwangu sikuwauliza habari za njia. Kosa hilo ni langu, si lao, nami naomba uwafikishie radhi yangu." Baada ya hapo mkono ukawa mwepesi. Akaandika kwamba posa imepokewa, kwamba binti ataulizwa leo hii kama desturi inavyotaka na yeye baba anadhani analijua jibu. Akaandika pia kwamba wazee warudi kwa mazungumzo siku watakayopenda, na safari hii waje na nguo za kulalia, ili honi ya basi isiwakimbize.

Akamwita Nakijwa, akamuuliza. Nakijwa alikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, akaitazama sakafu, akasema, "Nimekubali, Baba." Elinami akaliongeza hilo kwa herufi kubwa.

Maneno aliyoyaandika mwisho ndiyo yaliyosomwa Usangi mbele ya ukoo mzima, na watu wakayachukua wakayapeleka kwenye vikao vyao, kwa waume na wake waliokasirikiana na ndugu waliogombea mipaka ya mashamba. Lakini yeye hakuwa akitunga methali. Alitaka tu baba yake Kalebi ajue ni kwa nini jibu lilichelewa, na hakupata njia fupi zaidi ya kumweleza. Basi chini ya jina lake aliandika: Kisichokunjika hakisimami.

Akaikunja barua, akaipitishia ukucha juu ya mkunjo, akaitia ndani ya bahasha. Alipaka gundi ukingoni, akaibana kwa kidole gumba mpaka iliposhika. Kisha akachukua mkongojo wake, akaenda mwenyewe stendi, akaiweka barua mkononi mwa kondakta wa basi la Usangi, na hakuondoka pale mpaka basi lilipopandisha kona ya kwanza ya mlima.