Farasi Aliyemuua Ovide

Wapo wanaoficha ugonjwa kwa hofu, na wapo wanaouficha kwa fahari. Bi Alphonsine Dumais wa kijiji cha Kamouraska aliuficha kwa yote mawili, na mwenyewe akaita kuficha huko kulinda heshima ya ukoo.

Mwezi wa Machi mwaka 1972, ukoo wa Dumais ulikuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka mia tatu tangu babu yao Mathurin afyeke msitu na kulima ukanda wa shamba ulioanzia mtoni. Fleurette, binti wa Alphonsine, mwalimu asiyeacha jambo nusunusu, alijitolea kuandika nasaba. Kila asubuhi alikwenda kwa paroko kupekua vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi.

Siku ya nne kalamu ilimdondoka. Eusèbe, baba wa babu yake: miaka arobaini na minne, amekufa ghafla, bila sakramenti. Babu yake Ovide: arobaini na mitatu, ghafla, bila sakramenti. Baba yake mwenyewe, Léandre: arobaini na mitano, maneno yale yale. Nyumbani waliambiwa kwamba babu alipigwa teke na farasi, na baba alianguka kutoka juu ya ghala la nyasi. Kaka yake Rosaire, mrithi wa shamba, alikuwa ametimiza arobaini na mitatu, na siku hizi alizoea kusimama katikati ya kazi akijisugua kifua.

Alimkuta mama yake jikoni akikoroga supu ya njegere.

"Mama, farasi gani alimuua babu?"

Mwiko ulisimama. "Nani kakutuma kufukua makaburi? Si uliambiwa uandike majina tu?"

"Na baba je? Alianguka, au moyo ulisimama?"

Alphonsine alitazama msalaba ukutani. Kwao, kufa bila kuungama wala kupakwa mafuta kulikuwa aibu kuliko ufukara. "Watu wangesema tumelaaniwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nyie wasichana nani angewaoa? Hata mimi mama mkwe alinificha mpaka nikaolewa. Nami nikanyamaza."

"Rosaire anajua?"

Mama alirudi kukoroga supu. Fleurette alimchukia kwa kitambo kile, kisha akatoka mbio bila koti.

Rosaire alikuwa msituni, mwisho kabisa wa shamba, akikusanya utomvu mtamu wa miti. Fleurette alifuata nyayo zake katika theluji iliyofika magotini, akimwita, bila kuitikiwa. Ndoo zilizotundikwa kwenye miti zilikuwa tupu; kaka yake alishazipitia. Alizidi kukaza mwendo, tupu, tupu tena, hadi akafikia ndoo iliyojaa pomoni. Rosaire alikuwa amelala chini yake, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Jioni nyumba ilifurika watu. Jirani mmoja alishaanza kunong'ona kwamba marehemu aliangukiwa na tawi. Paroko alimuuliza Alphonsine aandike nini kitabuni. Ilitosha aitikie kwa kichwa tu hadithi ya tawi. Mama yule aliwatazama wana wawili wa Rosaire, vijana wenye vifua vipana kama cha baba yao.

"Hakuna tawi, Padri. Ni moyo, kama baba yake, kama babu yake. Andika hivyo. Na hawa wawili waende kwa daktari kesho, kabla hatujazika."

Ukweli aliusema, lakini aliusema mbele ya maiti ya mwanawe, kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.