Fimbo ya Shekhe Muhanna na Maji ya Bibi Ghaliya

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba hapo kale katika milima ya Omani palikuwa na kijiji kilichoishi kwa falaji moja tu, yaani mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani. Kila bustani ilikuwa na zamu yake ya maji. Na kwa zamu hizo watu waligombana, subhanallah, wakagombana mpaka ndani ya safu za sala! Msicheke. Nyinyi hapa juzi mligombania feni.

Shekhe Muhanna, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa imamu wao na mwalimu wa elimu ya nyota. Alipochoshwa na makelele, akasimamisha fimbo ya chuma wima katika uwanja wa msikiti, akapanga mawe chini, akawaambia, "Kivuli kikifika kwenye jiwe la mtu, zamu yake imekwisha. Jua halina ndugu wala jirani." Watu wakaridhika. Ilikuwa kiangazi, jua la adhuhuri liko utosini, na kivuli kimejificha kwenye shina la fimbo.

Zamu ya adhuhuri ilikuwa ya Bibi Ghaliya, mjane mwenye mitende michache na milimau, ambayo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu zake mayatima. Alifungua maji kwa adhana ya adhuhuri, akayafunga alasiri, kivuli kilipolingana na urefu wa fimbo, mahali palipowekwa jiwe jeupe. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Shekhe mwenyewe.

Kiangazi kikapita, baridi ikaanza kunyemelea, na Bibi Ghaliya akaja.

"Shekhe wangu, maji hayafiki tena kwenye milimau. Zamu yangu inapungua."

"Haipungui, Bibi. Jiwe liko palepale."

Wiki iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Alimjia akiwa anafundisha, alimjia akiwa anakula, alimvizia mlangoni pa msikiti viatu bado viko mkononi. Shekhe alikuwa mtu mpole, lakini na upole nao una mwisho wake.

"Lahaula! Bibi, mimi sigawi maji kwa mkono wangu. Kama huridhiki, nenda ukagombane na jua!"

"Jua sina ugomvi nalo," akasema Bibi Ghaliya. "Lenyewe limehamia kusini, kila mtu analiona. Fimbo yako ndiyo haina habari."

Shekhe akamgeuzia mgongo. Naam, mja mwema, mcha Mungu, na bado akamgeuzia mgongo! Alikuwa na hakika na elimu yake, na mtu mwenye hakika namna ile humwambii kitu.

Basi siku moja ya baridi kali muadhini akaadhini adhuhuri. Bibi Ghaliya akainama kufungua maji, na mgawa maji akamzuia, huku akiona haya, akamwonyesha fimbo. Kivuli kilikuwa kimekwisha kulipita jiwe jeupe. Bibi hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Shekhe, akaketi chini, akalia.

"Shekhe, leo maji yangu yamekwisha kabla hayajaanza. Milimau inakufa. Niambie, wale watoto niwalishe nini?"

Shekhe akatoka kwenda kuangalia. Adhuhuri, na kivuli kirefu kuliko fimbo! Ndipo alipolikumbuka somo alilolisomesha miaka na miaka: kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, baada ya kukitoa kile kivuli cha adhuhuri, ambacho hurefuka na kufupika kwa misimu. Wanafunzi wake wachanga walilijua kwa ghibu. Yeye aliliweka jiwe wakati wa kiangazi, adhuhuri hapakuwa na kivuli cha kutoa, akasahau kabisa. Kisha akaitazama bustani yake. Ilikuwa imelowa chepechepe, imenawiri kuliko mwaka wowote.

Angeweza kulisogeza lile jiwe kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Ijumaa ile alisimama mbele ya watu, akasema, "Enyi watu, fimbo yangu ilikuwa na kosa, na kosa hilo limeninywesha mimi maji ya mjane. Nimekula haki yake huku nikimfukuza. Kuanzia leo mpaka niipate iliyo sahihi, zamu yangu ni yake."

Akahangaika mwaka mzima. Aliweka juu ya maji bakuli la shaba lenye tundu dogo, linalozama kwa muda uleule kila mara, na kila lilipozama akatia alama ya kivuli, kisha akazilinganisha alama za kipupwe na za kiangazi. Akaona kwamba urefu wa kivuli hauaminiki. Akaiinamisha fimbo, ikakubali msimu mmoja, ikakataa mwingine. Akaing'oa, akaanza upya. Watu wakanong'ona kwamba Shekhe amechanganyikiwa. Mkewe akamwambia bustani yao inakauka.

"Najua," akasema. "Usinikumbushe."

Hatimaye akailaza fimbo mshazari, ncha yake ielekee sawasawa nyota ya kaskazini, akaacha kupima urefu wa kivuli, akafuata upande kinakoangukia, akaichonga mistari juu ya bamba la jiwe. Na hapo, alhamdulillahi, kila saa ikashika mstari wake uleule, jua likiwa juu utosini au likiwa limeinama kusini.

Baridi ikarudi. Bibi Ghaliya akafungua maji adhuhuri, yakapita kwenye mitende, yakafika kwenye milimau iliyosalia, yakatuama mashinani, na kivuli bado hakijaufikia mstari wake. Shekhe alikuwa amesimama pembeni akingojea lawama, maana alikwisha kuzizoea.

"Leo sina la kusema, Shekhe," akasema Bibi Ghaliya.

Machozi yakamlenga Shekhe. "Njoo hata kama huna," akamjibu. "Nilipokufukuza wewe, bustani yangu ndiyo iliyoshiba."

Ndugu zangu, anayetugongea mlango kila wiki kudai haki yake anaudhi, sikatai. Hata mimi huniudhi, na baadhi yenu mnajijua. Lakini kabla hatujamwambia akagombane na jua, kila mmoja wetu na aende kwanza bustanini kwake, aushike udongo kwa mkono, ajiulize umelowa kwa maji ya nani.