Nyamizi na Jeneza la Mama Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa! Sema, masikio tunayo!

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, alikuwako mwanamke akiitwa Nyamizi. Alikuwa na nguvu, jamani, nguvu za kutisha! Akivuta mti, umeng'oka. Akisukuma ukuta, umelala. Ghala la mtu likijaa mtama, alilibeba zima zima akaenda nalo kwake. Mama yake, Bi Kabula, mzee wa watu, alimsihi kila siku, "Mwanangu, waache watu." Nyamizi alicheka tu.

Akaja Nyati.

"Nyamizi, toka nje!"

"Nimetoka. Unataka nini?"

"Nataka tupambane!"

Akamshika, akamwinua, akambwaga. Mabega ya Nyati yakavunjika.

Akaja Tembo.

"Nyamizi, toka nje!"

"Nimetoka. Unataka nini?"

"Nataka tupambane!"

Akamshika, akamwinua, akambwaga. Mabega ya Tembo yakavunjika.

Akaja Sikitu, jirani yake. Huyu hakutaka sifa. Ghala lake lilikuwa limebebwa, na watoto wake walikuwa wanalia njaa.

"Nyamizi, toka nje!"

"Hata wewe?"

Akamshika, akamwinua, akambwaga. Mabega ya Sikitu yakavunjika. Bi Kabula akaenda kumkanda kwa maji ya moto, huku akilia kwa aibu.

Aibu ile ikamlaza mama kitandani. Akamwita bintiye.

"Mwanangu, nikifa, nisiende kaburini kwa bega moja. Niapie."

"Naapa, mama."

Basi akafa.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: maiti alibebwa kwa kupokezana. Mbebaji aliita, "Nipokeeni!" na waliokuwa njiani waliitika, "Lete!" Maiti asiyepokewa alihesabiwa ametupwa, hata akizikwa.

Nyamizi akamlaza mama kwenye jeneza, akalitia begani, akashika njia.

Akafika malishoni. "Nipokeeni!"

Nyati akageuza uso, akaendelea kutafuna.

Akafika mtoni. "Nipokeeni!"

Tembo akazama majini hadi masikioni.

Akafika mlangoni kwa Sikitu. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nipokeeni! Jamani, nawaomba!"

Mlango ukafunguka.

"Lete!" akasema Sikitu.

Nyamizi akapiga magoti amteremshie jeneza. Sikitu akajaribu kuinua bega, halikuinuka. Akajaribu la pili, halikuinuka. Akajaribu yote mawili, machozi yakamtoka.

"Mama yako alinikanda, Nyamizi. Ningembeba hadi mwisho wa njia. Lakini mabega haya uliyavunja wewe."

Nyamizi akalirudisha jeneza begani. Akasimama na mzigo wake, akaenda, Sikitu akimfuata nyuma akilia. Akachimba kaburi kwa mikono, likaisha upesi, maana nguvu zake hazikuwa zimepungua hata kidogo. Hilo ndilo lililomuumiza. Akamteremsha mama peke yake, kwa bega moja, vile vile alivyoapa kwamba haitakuwa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aiache ilale jivuni. Nguvu usizitumie kuwavunja wenzako, kwani siku ya msiba utawahitaji wakiwa wazima.

Haya, nishikeni mkono niinuke, magoti yamekufa ganzi. Mbona mnatazamana? Mimi nimemvunja nani bega?